Besa Mbili ya Aabo

Kitu cha kwanza nilichofundishwa dukani ni kunawa mikono. Cha pili ni kutoigusa sarafu hata baada ya kunawa. "Ishike ukingoni," aliniambia Mzee Bashir siku ile ya kwanza. "Kidole gumba huku, cha shahada huku. Usoni usiiguse. Wewe ungependa kila anayepita akushike uso?" Nikasema hapana. "Basi nayo haipendi," akasema, akarudi kwenye mkufu aliokuwa akiutengeneza.

Nasra, wewe na wenzako mliobaki dukani mlinisumbua wiki nzima niandike kazi yetu ilivyokuwa kabla sijaondoka. Haya, nimeondoka, nina nafasi, naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu pale dukani vilikuwa viwili tu, mwenye duka na sisi wengine. Mshahara nao nitauacha, nisije nikakasirika bure nami nina presha.

Nilizaliwa hapahapa Garissa. Mama yangu ni mtu wa Hola, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichonilea, na Kisomali nilikiokota barabarani nikicheza na wenzangu. Kwa Mzee Bashir nilikwenda kuomba kazi ya kufagia na kuandika risiti. Yeye alikuwa sonara wa fedha, fundi wa bangili na mikufu ya maharusi, na pembeni alinunua sarafu za zamani zilizotoka kwenye masanduku ya akina nyanya. Wakusanyaji wa sarafu wa Nairobi na Mombasa, na wengine wa ng'ambo, walikuwa wakimwandikia. Swali lao lilikuwa moja kila siku: imechakaa kiasi gani? Hilo ndilo linaloitwa daraja, na ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Wakusanyaji wana namba zao, kuanzia moja hadi sabini. Mzee Bashir alikuwa na maneno matano. Kipofu ni sarafu iliyofutika hata hujui ni ya mfalme gani. Chongo ni ile yenye upande mmoja mzima na mwingine umekufa. Miwani inasomeka ukikaza macho. Macho ina kila kitu chake ila imeshatembea mikononi mwa watu. Na mwali ni ile ambayo haijatoka ndani, soko halijaigusa. Mkusanyaji tulimwandikia namba, wenyewe tukaandika neno. Mpaka leo nikikutana na mtu harusini huwa nampa daraja lake kimoyomoyo. Astaghfirullah, ni mazoea.

Sasa, mtu wa Buna au wa Elwak hawezi kuweka sarafu ya marehemu nyanya yake kwenye basi ije kutazamwa na mtu asiyemjua. Sikuwahi kuwalaumu. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa picha. Zile za mwanzo zilikuja ndani ya bahasha, zimepigwa studio, mkononi mwa dereva wa basi. Nakumbuka moja kutoka Habaswein. Mzee amevaa koti lake la Idi, amesimama mbele ya pazia lenye maua, ameinua sarafu juu kwa vidole viwili. Mzee alitoka vizuri sana. Sarafu ilikuwa kama punje ya dengu. Nilimwuliza Mzee Bashir niandike daraja gani. "Andika koti ni macho," akasema, "sarafu hatujui."

Chombo changu kilikuwa kioo cha kukuzia, kile cha mpini wa shaba ambacho nimekuachia kwenye droo ya juu. Kikianguka tena ukingo utavunjika, nakuonya. Nilifundishwa kuanza na sehemu zilizoinuka, maana ndizo zinazosuguliwa kwanza: nywele juu ya sikio, shavu, ncha za taji. Kama nywele zimekuwa uwanja mtupu na maandishi ya pembeni bado ni makali, hiyo imechakaa kwa halali, kwa mikono ya watu. Kama kila kitu kimelainika sawasawa, kuna aliyeisugua.

Na kusugua ndiko kulikoniumiza kichwa kuliko yote. Watu wetu ni waungwana, hawapendi kutuma kitu kichafu. Ukimwambia mama "nipigie picha ya ile riyali," atasema "subiri kidogo," halafu atachukua majivu na ndimu, aisugue mpaka ing'ae kama sufuria ya mgeni. Riyali iliyokaa sandukuni miaka na miaka na rangi yake tulivu inauawa asubuhi moja kwa ajili ya heshima. Nimepiga simu nyingi nikilia, "Mama, usiioshe! Usiioshe, Wallahi, hata kama ina mavi ya mbuzi!" Wengine walinijibu kwa upole kwamba wameshaiosha mara mbili.

Simu za mkononi zilipokuja tulidhani tumepumzika. Thubutu! Kwanza zilikuja picha zilizomulikwa kwa taa ya simu, sarafu nzima imekuwa jua. Halafu zikaja zile simu zinazopendezesha uso. Binti mmoja wa hapa mjini alinitumia riyali ya fedha, ile yenye kichwa cha malkia wa Kizungu, nami nikaandika nywele zimekwisha, miwani. Akaileta mwenyewe dukani siku ya pili. Nywele zilikuwepo zote, unaweza kuzihesabu. Simu yake ilimwona malkia kama mwanamke mwingine tu, ikamlainisha ngozi. Tangu siku hiyo nikaweka sharti: picha ya kila upande, kivulini karibu na dirisha, njiti ya kiberiti pembeni ili nijue ukubwa, na sauti fupi ya kunieleza sarafu ni nini na ilitoka wapi. Hilo la sauti nilijisifu nalo sana. Wengi wa wateja wetu hawapendi kuandika Kiswahili, lakini kuongea wanaongea vizuri, kila mtu kwa namna yake.

Na hiyo namna yao niliizoea. P inakuwa b, v inakuwa f. "Bicha nimetuma, angalia fizuri." Na "wa", "za" na "ya" wanazitumia wanavyotaka. "Sarafu tano ya mama." Mimi nilikuwa nasikia, nasahihisha kichwani, naandika. Sikuwa hata nikijua kwamba nasahihisha. Mzee Bashir, aliyekuwa Msomali mwenyewe, aliniambia mara moja kabla hajafariki, "Mwanaidi, wewe unasikia haraka mno." Nilidhani ananisifu.

Sasa nifike kwenye hili la mwisho, ambalo wewe Nasra ulishuhudia nusu yake tu.

Miezi michache kabla ya kustaafu nilipata ujumbe kutoka kwa Adan wa Elwak, mfanyabiashara wa mifugo. Baba yake alikuwa amefariki, na yeye na dada yake Abdia, mwenye duka la nguo Habaswein, walikuwa wanagawana vitu vya marehemu. Vitu vyenyewe vilikuwa vichache, navyo vilikuwa mikononi mwa Adan kwa kuwa ndiye aliyekaa na mzee. Walitaka karatasi yetu yenye muhuri ili kila mmoja ajue kilichopo. Adan alituma picha mbili na sauti hii: "Eddo, assalaam aleikum. Hii ni besa mbili ya aabo. Tafathali angalia fizuri, uandike karatasi."

Eddo ni shangazi, ndivyo wote walivyoniita. Aabo ni baba. Na besa, nikasikia mimi, ni pesa. Pesa mbili za baba. Sarafu mbili, picha mbili, hesabu imetimia.

Picha ya kwanza ilipigwa nje juu ya mkeka, sarafu nyekundu, maandishi makali, kila mstari umesimama. Ya pili ilipigwa ndani chini ya taa, sarafu nyeusi, kichwa cha mfalme kimesagika mpaka sikio limepotea. Nilitoa kioo changu, nikaandika kwa raha: "Sarafu ya kwanza, shaba, nzuri sana, haionekani mara nyingi katika hali hii. Sarafu ya pili, shaba, imechakaa." Nikapiga muhuri. Adan akapokea, akashukuru, akamtumia dada yake palepale bila hata kuisoma sawasawa. Mtu mwenye kitu cha kuficha hafanyi hivyo, lakini hilo nililiwaza baadaye.

Siku ya tatu Abdia akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya adabu lakini imekauka. "Eddo, wewe uliona besa ngapi?"

"Mbili."

"Kaka yangu anasema iko moja tu."

"Dada yangu, mimi nimeziangalia kwa kioo. Moja nzuri, moja imechakaa. Hazifanani hata kidogo."

"Una hakika?"

Nasra, hapa ndipo ninapotamani simu ingekatika. Nilimjibu, "Hii kazi nimeifanya kabla hujaolewa." Akasema ahsante, akakata.

Siku hiyohiyo Adan naye akapiga. Hakugombana. Alisema tu, "Eddo, angalia tena, naomba." Nikamwambia siandiki nisichokiona. Akasema, "Sawa, Eddo. Allah anajua." Wewe ulikuwa unafunga vifurushi pale kaunta, ukaniuliza kuna nini. Nikakujibu wateja wengine wakishaona neno "nzuri sana" huota tamaa. Nilisema hivyo kumhusu mtu yule, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilipita kama wiki mbili. Nilikuwa nafuta picha kwenye simu ya duka ili nikukabidhi ikiwa safi, nikafika kwenye zile mbili. Kwenye kioo cha simu zilikaa bega kwa bega, ndogo. Zikiwa ndogo huoni nywele wala herufi, unaona umbo tu. Na umbo lilikuwa na pengo dogo ukingoni, kama lilitafunwa na panya. Picha ya kwanza ina pengo. Picha ya pili ina pengo. Nikaigeuza sarafu kichwani mwangu, pengo likaangukia palepale.

Nikasikiliza sauti ya Adan tena. Kwa mara ya kwanza nilimsikiliza yeye, sikujisikiliza mimi. "Hii ni besa mbili ya aabo." Hakusema pesa. Besa ni sarafu ya Wataliano waliokuwa wakitawala kule ng'ambo ya mpaka, iliitwa hivyo hasa, na zilipigwa za besa moja, besa mbili na besa nne. Mzee Bashir alinionyesha zote nikiwa msichana. Adan alikuwa amenitajia jina la sarafu, moja, yenye thamani ya besa mbili. Akasema "hii ni." Akasema "ya," wala hakusema "za." Mara tatu katika sentensi moja mtu yule alisema Kiswahili kilichonyooka, na mara zote tatu mimi mwenye Kiswahili changu nikamsahihisha.

Na kibaya zaidi, namba mbili ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye sarafu, katikati, kubwa. Niliiona! Nilikagua makali yake kwa kioo nikayasifu. Niliangalia ile namba ilivyochongwa, sikusoma inasema nini. Ilikuwa chongo, upande mmoja mzima na mwingine umekufa. Pengine ilishonwa kwenye mkoba wa ngozi wa mzee, uso mmoja ukisuguana naye kila alipotembea. Mtoto wa wiki moja dukani angeuliza, "Eddo, hizi si pande mbili za kitu kimoja?"

Nilikaa chini. Wewe ukaniletea maji.

Nikampigia Adan, hakupokea. Nikampigia Abdia. Kabla sijaeleza akasema, "Yameisha, Eddo. Amekubali. Amesema ile nyingine aliipoteza, na amenilipa mtamba wa ngamia." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi na hakufurahi. Nikabaki na simu mkononi. Amekubali nini? Amepoteza kipi? Hakukuwa na kitu cha kupotea.

Uliniambia nitume sauti, nieleze, yaishe. Lakini mimi nilikuwa nimempaka mtu wizi kwa karatasi yenye muhuri, halafu nikamsimamia mara mbili kwa simu. Mambo ya aina hiyo hayafutwi kwa sauti ya dakika moja. Kesho yake nikapanda basi alfajiri, na kioo changu kwenye mkoba, sijui cha nini.

Habaswein nilishuka, nikamkuta Abdia dukani kwake kati ya mashuka na madira. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Nikamwonyesha zile picha, pengo kwa pengo, nikamwekea sauti ya kaka yake. "Abdia, ni sarafu moja. Kosa ni langu. Kaka yako hakuficha kitu."

Alizitazama muda mrefu. Halafu akanirudishia simu. "Wewe unasema ni moja. Yeye mwenyewe amesema aliipoteza ya pili. Nimwamini nani? Mtu anakubali vipi kosa ambalo halipo?"

"Twende tukamwulize," nikasema.

Alifunga duka saa hiyohiyo, akamwachia jirani ufunguo. Safari ya kwenda Elwak mnaijua, vizuizi, vitambulisho, vumbi, kungoja. Tulilala Wajir kwa jamaa zake. Njiani hakuniuliza lolote ila mara moja, tukiwa tumesimama kwenye kizuizi. "Mimi nilimwambia maneno mabaya sana, Eddo. Nilimwambia amemwibia maiti." Akageukia dirisha. Nilitamani kumshika mkono, nikaona sina haki.

Adan tulimkuta nyumbani. Nilimtarajia mtu mkali, nikamkuta mtu mpole mwenye ndevu za hina, anayemhimiza mkewe alete chai ya maziwa haraka kwa sababu wageni wametoka mbali. Dada yake alimsalimia kama anavyosalimiwa mtu baki, "Assalaam aleikum, Adan," akakaa karibu nami upande wa pili wa mkeka. Nikaomba nione sarafu. Akaifungua kwenye kitambaa. Niliishika ukingoni, nikaonyesha upande mwekundu, nikaigeuza, nikaonyesha upande mweusi. Pengo lilikuwa chini ya kidole changu. Nikasema mbele ya mkewe, watoto wake na jirani mmoja aliyekuja kuchukua chumvi kwamba mimi, Mwanaidi, nilisikia vibaya, nikaandika vibaya, na nilipoulizwa nikawa jeuri. Nikaichana ile karatasi. Nikamwomba radhi. Machozi yalinitoka, na siyaonei haya.

"Eddo, umri huu umesafiri njia yote hii," Adan akasema. "Imekwisha. Kunywa chai."

Lakini kwa Abdia haikuwa imekwisha. Alikuwa amemkazia macho. "Ulijua iko moja."

"Nilijua."

"Mbele ya wazee ulisema iko mbili. Ulisema moja umepoteza. Ukanipa ngamia, na hiyo besa bei yake haifiki hata mguu mmoja wa ngamia."

"Ndiyo."

"Kwa nini ulisema uongo juu yako mwenyewe, Adan?"

Yule mtu alikunja kitambaa cha ile sarafu, akakikunjua, akakikunja tena.

"Wewe tangu utoto uliniita walaal," akasema. Walaal ni ndugu, Abdia hahitaji kutafsiriwa, nawatafsiria nyinyi. "Hata ukikasirika, ulisema walaal kwanza, halafu matusi. Siku karatasi imekuja, ukaanza kuniita Adan. Nikaona, kama ni mwizi ambaye amekubali, bengine utasamehe siku moja. Kama ni mwizi ambaye anakataa, nitakuwa Adan mpaka kufa."

Abdia akainuka pale alipokuwa amekaa karibu nami, akavuka mkeka, akaenda kukaa ubavuni kwa kaka yake. Hakuna aliyenitazama tena mpaka chai ikapoa.